Mti wa Shingo: Mipaka, Barabara na Mbao za Ala za Nyuzi West Nile

Ukimuuliza mpiga gitaa ni mti upi unaofaa kuchongwa shingo ya ala yake, aghalabu atakutajia jina: mkangazi, mepo, sedrela. Majina hayo yamerudiwa katika katalogi za viwanda kwa zaidi ya karne moja, hata yamekuwa kama kanuni ya maumbile isiyohojiwa. Historia inasimulia vingine. Kila mti uliopata sifa ya kufaa shingo ulikuwa kwanza mti ambao biashara, dola au barabara iliufikisha mlangoni kwa fundi kwa bei aliyoimudu. Sifa zikaja baadaye. Mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili ni Kuluba, kata ya wilaya ya Koboko katika eneo la West Nile, kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya Uganda, karibu na pale ambapo Uganda, Sudan Kusini na Kongo zinakutana. Hakuna kiwanda cha gitaa Kuluba. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 100 kila kitu kinachoamua ni mbao gani zitamfikia fundi kimepita hapo au jirani na hapo: mpaka uliochorwa na wageni, misitu iliyopandwa kwa amri ya serikali, vita, wakimbizi, na malori ya magogo. Hoja ya makala haya ni kwamba mti wa shingo huchaguliwa mara mbili. Mara ya kwanza huchaguliwa na historia, ambayo huamua rundo la mbao litakuwa na nini. Mara ya pili huchaguliwa na fundi, anayelipekua rundo hilo ubao kwa ubao. Tumezoea kuusifu uchaguzi wa kwanza kana kwamba ndio ujuzi, ilhali ujuzi umo katika ule wa pili.

Tuanze na kazi ya shingo yenyewe, maana bila kuijua hatuna kipimo cha kupimia uchaguzi wa mtu yeyote. Nyuzi sita za chuma za gitaa la kawaida, zikishakazwa, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70 hadi 80; za nailoni huvuta takriban nusu ya hapo. Nguvu hiyo haipumziki. Inavuta usiku na mchana, masika na kiangazi, ikijaribu kuipinda shingo kuelekea upande wa nyuzi. Kwa hiyo shingo inadai mambo machache yaliyo wazi. Nyuzinyuzi za mti zipite moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho wa kipande, kwa sababu pale zinapokatizwa ndipo kinapovunjikia. Ubao uwe umekauka kabla ya kuchongwa, la sivyo utaendelea kukauka na kujikunja ukiwa tayari umebeba nyuzi. Usiwe mzito kupita kiasi, kwani shingo nzito huliinamisha gitaa mkononi mwa mpigaji. Ukubali randa na patasi, na ushike gundi. Hakuna hata moja kati ya sifa hizi ambayo ni jina la mti. Mbao mbili zilizopasuliwa kutoka gogo moja zinaweza kutofautiana kiasi kwamba moja inafaa shingo na nyingine haifai hata mguu wa kiti.

Ujuzi wa aina hii haukungoja gitaa lifike. Kusini mwa Arua, mji wa West Nile, katika nchi ya Waalur inayozunguka Nebbi na Pakwach, kuna adungu, kinubi chenye shingo iliyopinda kama upinde, kilichosimikwa juu ya mwili wa mti uliochimbwa na kufunikwa ngozi. Upande wa magharibi, katika bonde la mto Uele, Wazande na Wamangbetu walikuwa na vinubi vya ukoo huohuo. Msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme Munza wa Wamangbetu mwaka 1870, na michoro ya vitu vya mafundi wa eneo hilo, zikiwamo ala za muziki, aliitoa katika kitabu Artes Africanae cha mwaka 1875. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin walikusanya vitu huko kaskazini-mashariki mwa Kongo kwa ajili ya jumba la makumbusho la historia ya maumbile la New York, na miongoni mwake vinubi ambavyo shingo zake zinaishia kwa kichwa cha mtu kilichochongwa. Upande wa Uganda, Klaus Wachsmann, msimamizi wa Uganda Museum, aliziorodhesha na kuzieleza ala za nchi nzima katika Tribal Crafts of Uganda, kitabu alichokitoa pamoja na Margaret Trowell mwaka 1953. Ushahidi huu unatosha kuonyesha kwamba eneo linaloizunguka Kuluba limekuwa nchi ya ala zenye shingo kwa vizazi vingi. Tena shingo ya kinubi ina mtihani wake. Nyuzi zinajaribu kuufunga upinde, na upinde uliokatwa kwa msumeno kutoka ubao ulionyooka hupoteza nguvu pale msumeno ulipozikata nyuzinyuzi. Tawi lililojipinda lenyewe likiwa bado mtini, ambalo nyuzinyuzi zake zinaufuata mkunjo, hustahimili zaidi. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini gitaa huvunjika mara nyingi pale kichwa chake kinapoinama nyuma: hapo ubao mmoja umekatwa kwa pembe, na nyuzinyuzi zimebaki fupi.

Sasa tuingie kwenye uchaguzi wa kwanza, ule wa historia. Mwaka 1894 eneo la Lado lilikodishwa kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Alipofariki Desemba 1909, Waingereza walilichukua mwaka uliofuata na kuliweka chini ya Sudan, kisha sehemu yake ya kusini, yaani West Nile ya leo, ikaunganishwa na Uganda mwaka 1914. Mwaka huohuo afisa A. E. Weatherhead alianzisha kituo cha Arua. Wakakwa, wenyeji wa Koboko na Kuluba, wakajikuta katika nchi tatu bila kuhama nyumbani kwao. Wanahistoria wamelieleza sana jambo hili kwa upande wa siasa na ndugu waliotenganishwa. Upande wa mbao haujaangaliwa ipasavyo. Mipaka ile iliigawa miti pia kwa tawala tatu zenye mipango tofauti. Upande wa Sudan, Waingereza walianzisha mashamba ya mtiki huko Kagelu karibu na Yei katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, wakiuleta mti wa India na Burma kwenye udongo wa Equatoria, kusini mwa Sudan ya wakati huo. Upande wa Uganda, misitu kama ule wa Mlima Kei ulio jirani na Koboko ilitengwa kuwa hifadhi, na ukataji ukahitaji ruhusa. Upande wa Kongo, msitu mkubwa wa Ituri wenye mikangazi na mivule ulibaki mbali, hauna barabara ya kuutoa. Kuluba ikawa katikati ya maghala matatu: miti migumu ya savana ya West Nile yenyewe, mtiki uliopandwa kaskazini, na mbao za msitu wa mvua kusini-magharibi. Lipi limefunguka na lipi limefungwa, hilo limetegemea amani, bei na barabara.

Gitaa lenyewe lilifika Afrika Mashariki na Kati kwa njia za vibarua, wanajeshi na wafanyabiashara. Mfano unaojulikana zaidi ni Katanga, nchi ya migodi ya shaba, ambako Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda mwaka 1952 na kuusambaza muziki wake duniani. Vijana wa West Nile nao walikuwa kwenye mkondo wa kazi za mbali. Kwa miongo kadhaa walikwenda kusini kwenye mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira. Miongoni mwa magitaa yaliyoenea katika nusu hii ya bara ni Gallotone, yaliyoundwa Afrika Kusini na kampuni ya Gallo. Gallotone lilivuka hata bahari: gitaa la kwanza la John Lennon, alilolipata mwaka 1957 huko Liverpool, lilikuwa la aina hiyo. Lebo iliyobandikwa ndani yake haikujisifia utamu wa sauti. Ilitoa dhamana kwamba gitaa halitapasuka. Kiwanda kilichouza bidhaa zake katika nchi kavu na zenye joto kilijua mnunuzi wake anaogopa nini, na alichoogopa ni mti usiokauka sawasawa.

Wakati huohuo useremala ulikuwa unabadilika. Africa Inland Mission ilifika Arua mwaka 1918, na mapadri Wakomboni walikuwa wamekwisha kuingia Moyo mwaka 1917. Misheni zilihitaji madawati, milango na mapaa, na pamoja nazo zikaja randa, patasi na mbao zilizopasuliwa kwa vipimo. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuruhusu ala za wenyeji katika ibada, adungu iliingia makanisani na shuleni kote Uganda, ikatengenezwa kwa ukubwa tofauti, kuanzia ndogo ya sauti ya juu hadi kubwa ya besi, na ikakazwa kwa mpangilio wa sauti za Kizungu. Adungu kubwa za leo nyingi zina mwili wa mbao zilizounganishwa badala ya gogo lililochimbwa. Badiliko hili linaelezwa kwa kawaida kama badiliko la muziki, lakini ni badiliko la rundo la mbao vilevile. Fundi aliyekuwa akienda porini kutafuta tawi au gogo sasa anakwenda kwa muuza mbao kutafuta ubao. Anachokipata hapo kinategemea nini kimeshushwa kutoka kwenye lori wiki hiyo.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hii ni bahati mbaya ya mafundi wa pembezoni, na kwamba mafundi wa Ulaya na Marekani walichagua miti yao kwa sikio tu. Tazama ushahidi. Waundaji wa gitaa wa Hispania walipenda sedrela kwa shingo, mti mwepesi wa Amerika ya Kati na Karibi, uliokuwa ukiingia katika bandari za Hispania kutoka makoloni yake na uliotumika pia kutengenezea masanduku ya sigara. Mahogani ya Karibi ilifurika Uingereza baada ya sheria ya mwaka 1721 iliyoondoa ushuru wa mbao kutoka makoloni yake ya Amerika; ikawa mbao ya samani kwanza, na ala zikafuata. Kampuni ya Martin ya Marekani ilitumia sedrela kwa shingo katika karne ya 19, ikahamia mahogani katika miaka ya 1910, na nyuzi za chuma zilipozidi nguvu za mti, mwaka 1934 ikaanza kuipachika fimbo ya chuma ndani ya shingo. Gibson walikuwa wametangulia: fundi wao Thaddeus McHugh alipata hataza ya fimbo inayoweza kurekebishwa mwaka 1923. Leo Fender wa California alipotoa gitaa lake la umeme mwaka 1950, alichonga shingo nzima kutoka kipande kimoja cha mepo, mti mgumu, unaopatikana kwa wingi Marekani Kaskazini, uliomwondolea kazi ya kubandika ubao wa pili juu yake. Katika kila hatua tunaona jambo lilelile: koloni, ushuru, bei na mashine vililipanga rundo, kisha fundi mwenye akili akalitumia vizuri. Pale mti ulipopungukiwa, chuma kilisaidia. Hakuna aliyegundua mti uliozaliwa kwa ajili ya shingo.

Turudi Koboko. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, watu wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire kwa maelfu, na wengi wa Koboko waliishi miaka ya 1980 katika makambi ya eneo la Yei, maisha ambayo Barbara Harrell-Bond aliyachunguza katika kitabu chake cha mwaka 1986. Vita vya Sudan vilipowasogelea, walirudi makwao, na baadaye Wasudani wakafuata njia hiyohiyo kuja Uganda. Wakati wa vita hivyo, vilivyodumu kuanzia 1983 hadi 2005, mtiki uliopandwa na Waingereza ulikatwa na kuuzwa kupitia Uganda. Ghala la kaskazini lilifunguliwa na bunduki. Tangu Julai 2016, mapigano yalipozuka upya Sudan Kusini, Kuluba ikawa kituo cha kuwapokea waliovuka mpaka wa Oraba kabla ya kupelekwa Bidibidi wilayani Yumbe, makazi yaliyofunguliwa Agosti 2016 na kufikia watu zaidi ya 270,000. Mahitaji ya kuni na nguzo za nyumba kwa umati huo yalikuja juu ya yale ya tumbaku, zao la biashara la West Nile kwa miongo mingi, ambalo hukaushwa kwa moto wa kuni. Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, yenye kilomita 92, ilitiwa lami, na magogo na mbao kutoka Ituri zikapata njia nyepesi zaidi ya kufika Arua na kuendelea hadi Ndeeba, soko la mbao la Kampala. Ghala la kusini-magharibi nalo likawa wazi. Rundo analolikuta fundi wa leo Koboko au Arua ni jumla ya matukio hayo yote.

Ndani ya rundo hilo mna nini kinachofaa shingo? Mkangazi, yaani mahogani ya Afrika, ni jibu la kwanza, na kwa haki. Uzito wake kwa kawaida ni kati ya kilo 500 na 650 kwa mita ya ujazo, haulemei mkono, unashika gundi vizuri, na viwanda vingi vya nje vimeutumia tangu mahogani ya Amerika ilipoadimika. Kasoro yake ni nyuzinyuzi zinazopishana, zikielekea huku na kurudi kule kwa tabaka, hivyo randa huuchimbua usipokuwa na makali ya kutosha. Fundi hutafuta ubao ambao kupishana huko ni kudogo. Mvule ni mzito kidogo kuliko mkangazi wa kawaida na unadumu sana, lakini mara nyingine huficha ndani yake mawe ya chokaa yanayoharibu msumeno. Mtiki hautikisiki kwa mabadiliko ya hewa, sifa adhimu kwa shingo, ila mafuta yake hukataa gundi usipopanguswa vizuri muda mfupi kabla ya kuunganishwa, na chembechembe ngumu zilizomo huyamaliza makali ya vyombo. Afzelia, mti mgumu wa savana ya West Nile na Acholi, hausinyai sana unapokauka, lakini unakaribia kilo 800 kwa mita ya ujazo. Shingo nzima ya afzelia ingemchosha mpigaji, ilhali ukanda mwembamba wake uliopachikwa katikati ya mti mwepesi huipa shingo ugumu. Msonobari wa mashamba una vifundo vingi na ni laini. Mkaratusi una mkazo wa ndani unaoupasua na kuupinda ukikauka. Miti hii miwili ya mwisho ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi, na ndiyo inayofaa kidogo zaidi.

Hapo ndipo uchaguzi wa pili unapoanza, na ndipo ujuzi unapoonekana. Fundi hutazama kichwa cha ubao, si uso wake. Mistari ya miaka ya mti ikisimama wima kichwani, ubao ule utasinyaa kwa usawa. Ikilala, utajikunja kama bakuli. Hutazama pia ubavuni kuona kama nyuzinyuzi zinakwenda sambamba na ukingo au zinakimbilia nje. Huuinua na kulinganisha uzito wake na wa mwenzake, kwa sababu ubao mbichi hujisema kwa uzito. Kisha hungoja. Kiangazi cha West Nile, Desemba hadi Februari, hunyonya maji kutoka kwenye kila mti, na mvua za Agosti hadi Oktoba huyarudisha. Shingo iliyochongwa Septemba kwa mbao isiyokaushwa itasinyaa Januari, na ncha za vyuma vidogo vinavyoikatiza zitachomoza ukingoni na kumkwaruza mpigaji. Ubao uliolazwa kivulini juu ya vijiti, hewa ikipita pande zote, ukapitishwa kiangazi kimoja na masika moja, umekwisha kuonyesha tabia yake kabla haujatiwa msumeno. Hata unene wa ubao wa sokoni si kikwazo. Mbinu ya kale ya Kihispania hukata kichwa cha shingo kwa mshazari na kukiunganisha kwa gundi, kisha hulijenga tako la shingo kwa vipande vilivyopandana, hivyo ubao wa inchi 1 unatosha. Ubao mzuri wa futi 12 wenye upana wa inchi 12 unaweza kutoa shingo zaidi ya 10. Na muungano ule wa mshazari, kwa kuwa unaziacha nyuzinyuzi za kichwa zikiwa ndefu, ni imara kuliko kichwa kilichokatwa kwa pembe kutoka kwenye bonge kubwa la gharama.

Watakuwapo watakaosema kwamba nimeisahau sauti: mti wa shingo una mlio wake, na mlio huo haupatikani kwa ukanda na gundi. Pingamizi hili lina ukweli kiasi. Shingo legevu hunyonya mtetemo wa nyuzi, na shingo ngumu huuacha uishi muda mrefu. Lakini ugumu ni sifa ya kipande, na kipande kigumu hupatikana katika miti mingi. Majaribio ya kusikiliza bila kuona hayaungi mkono imani ya majina. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster na wenzao walichapisha jaribio la magitaa sita yaliyolingana katika kila kitu isipokuwa mti wa mgongo na mbavu. Wapigaji waliovalishwa miwani ya kuwazuia kuona hawakuweza kuyatofautisha kwa uhakika, wala hawakuupendelea mti ghali. Jaribio hilo lilihusu mgongo, sehemu iliyo karibu zaidi na sauti kuliko shingo. Ikiwa jina la mti linashindwa kujitetea huko, haliwezi kudai makuu zaidi kwenye shingo.

Pingamizi la pili ni la soko. Gitaa la kiwanda kutoka China linauzwa kwa bei ambayo hakuna fundi wa Koboko anayeweza kushindana nayo, basi kuna haja gani ya kujua mbao? Ni kweli, lakini ujuzi wa mbao haukomi kwenye gitaa jipya. Gitaa la bei nafuu ndilo linalovunjika kichwa upesi, na kulirudishia kichwa ni kazi ya mtu anayejua nyuzinyuzi zinapita wapi. Adungu haiagizwi kutoka China. Kila kwaya na kila shule inayoitaka huinunua kwa fundi wa Uganda. Kinshasa nako, fundi Misoko Nzalayala, maarufu kama Socklo, ameunda magitaa kwa miongo mingi kwa vifaa vya hapohapo, na wapigaji wa mji wa muziki kama ule wameyanunua. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. West Nile ina hatari ya kuithibitisha methali hiyo kwa namna mpya: mbao zikipita kwa malori kwenda mbali, na walioko kando ya barabara wakibaki wanunuzi wa vitu vilivyoundwa kwingine.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Rundo ninalolisifia lina damu na uharibifu ndani yake: mtiki wa vita, mikangazi ya Ituri iliyokatwa bila kibali, afzelia iliyong'olewa savana. Mataifa yamekwisha kutoa hukumu. Mahogani ya Amerika iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 2003. Mikangazi na afzelia za Afrika zikafuata kwa uamuzi wa mkutano wa Panama wa Novemba 2022, na tangu Februari 2023 magogo na mbao zake hazivuki mpaka kihalali bila hati. Je, kumhimiza fundi achague mti si kumhimiza mharibifu? Kinyume chake, historia niliyoieleza inampa fundi uhuru. Kama sifa ya shingo ingekuwa kwenye jina, angekuwa mtumwa wa mkangazi wa msituni. Kwa kuwa imo kwenye kipande, anaweza kugeukia miti iliyopandwa: mtiki wa mashamba, mgrivilea wa mipakani mwa viunga, na hata sedrela ileile ya Wahispania, ambayo imepandwa Afrika Mashariki na kukua upesi mno, hadi katika msitu wa Kimboza nchini Tanzania inahesabiwa kuwa mvamizi. Anaweza pia kuunganisha vipande vya mabaki ambavyo seremala wa milango huvitupa motoni. Shingo ya kanda tatu au tano zilizogeuziana mkunjo hukaa sawa kuliko nyingi za kipande kimoja. Mti uliozaa nguzo mbili za kibanda au magunia kadhaa ya mkaa ungeweza kuzaa shingo za ala za shule nzima. Anayeutumia mti kidogo kwa thamani kubwa ni mshirika wa msitu.

Hukumu yangu basi ni hii. Mti bora wa shingo haupo kama jina, na haukuwahi kuwapo. Lipo rundo lililoletwa na historia, na yupo mtu anayejua kulisoma. West Nile haikuchagua mipaka yake, wala vita vilivyoyafungua maghala ya jirani zake, lakini inaweza kuchagua la kufanya na mbao zinazobaki. Vyuo vya ufundi vya Arua na Koboko viwafundishe vijana, wenyeji na wakimbizi, kuukagua na kuukausha ubao kabla ya kuwafundisha kuukata. Halmashauri zinazogawa miche ziweke mikangazi, mitiki na migrivilea kando ya mikaratusi, zikijua kwamba fundi wa miaka 30 ijayo atachagua kutoka katika kile kinachopandwa leo. Na kwaya au shule inayoagiza adungu au gitaa imuulize fundi swali moja kabla ya kulipa: ubao huu umekauka kwa muda gani?